Babu yako alizaliwa wapi? Swali lililowafungia mlango Wahindi wa Kenya

Kila Machi 1 hupita Nairobi kama siku nyingine yoyote. Haifai kupita hivyo. Tarehe hiyo mwaka 1968, maelfu ya Wahindi wa Kenya waliamka na pasi zilezile za Uingereza, za buluu iliyokoza zenye simba na farasi wa pembe moja, ila hazikuwafikisha tena London.

Baada ya uhuru wa 1963, wasio raia walipewa miaka miwili kuomba uraia wa Kenya. Wengi hawakuomba. Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara. Maduka yakafungwa, ndege za kwenda London zikajaa.

Serikali ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, ikapitisha sheria kwa siku tatu tu. Mwenye pasi angeingia bila kizuizi ikiwa yeye, mzazi, babu au nyanya yake alizaliwa Uingereza au alipata uraia huko. Mjukuu wa mlowezi kutoka Scotland alipita. Mjukuu wa fundi wa reli kutoka Punjab alibaki akingoja vocha ya kuingia, 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia.

Ugomvi mkali ulizuka ndani ya chama cha upinzani, Conservative. Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni wakati Kenya ikipata uhuru, ndiye aliyeshinikiza mlango ufungwe. Iain Macleod, aliyewahi kushika wizara hiyo kabla yake, alimjibu kwa barua ya wazi jaridani: ahadi ilitolewa, na sisi ndio tulioitoa, macho yakiwa wazi. Kisha akapiga kura ya kuupinga mswada. Alishindwa kwa kura, lakini heshima ilibaki kwake.

Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba ubaguzi ule wa rangi uliwadhalilisha watu. Mwaka huohuo kigezo cha babu kiliingia katika kanuni za uhamiaji kwa raia wa Jumuiya ya Madola, baada ya wabunge kulalamika kwamba Waaustralia na Wakanada wanawekwa nyuma ya Wazungu wa bara la Ulaya.

Kigezo hicho kingali hai. Mkenya wa miaka 17 au zaidi, mwenye cheti cha babu aliyezaliwa Uingereza, anaweza kuomba viza ya miaka mitano ya kufanya kazi huko. Anayekifukua cheti hicho sandukuni na aitumie haki yake, lakini ajue ni nani waliowahi kurudishwa kwa kukikosa. Wanastahili angalau ukurasa mmoja katika vitabu vyetu vya historia.