Kuthibitisha undugu katika maombi ya viza ya Marekani

Mhamiaji aliyeko Marekani anayetaka kumdhamini mama, mke au mtoto aliyebaki Afrika Mashariki hutakiwa kuonyesha kwamba kipato chake kinatosha kuwatunza. Lakini kwa wengi kikwazo kikubwa ni kingine: kuthibitisha kwamba hao anaowaita mama, mke na mtoto ni hivyo pia mbele ya sheria ya Marekani.

Orodha ya sheria hiyo ni fupi. Raia wa Marekani anaweza kumdhamini mume au mke na watoto, na akishatimiza miaka 21, wazazi na ndugu zake. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaishia kwa mume au mke na watoto wasiooa wala kuolewa. Shangazi, mjomba, binamu, bibi na mjukuu hawamo.

Hapo ndipo mazoea ya nyumbani yanapogongana na fomu. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki mtoto wa kaka ni mtoto, baba mdogo ni baba, na yatima huandikishwa shule kwa jina la aliyemlea. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Hata hivyo, fomu I-130, inayofungua maombi hayo, inahitaji uhusiano kama sheria inavyoutambua, na jibu lililotolewa kwa mazoea huweza kuhesabiwa kuwa ni uongo. Anayepatikana na hatia ya kudanganya kwa makusudi hufungiwa viza maisha, isipokuwa apate msamaha maalumu.

Majaribio ya Nairobi

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2008, pale serikali ya Marekani ilipoanza jijini Nairobi kupima vinasaba, yaani DNA, vya wakimbizi waliotaka kuwafuata jamaa zao kupitia mpango uitwao P-3. Walianza watu wapatao 500, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Upimaji ukapanuliwa hadi Uganda, Ghana na kwingineko, na kufikia watu wapatao 3,000.

Familia ambazo uhusiano wao wote ulithibitishwa hazikufika asilimia 20. Waliokataa kupimwa walihesabiwa pamoja na walioshindwa. Mpango ulisimamishwa mwaka huo huo, ukarejeshwa mwaka 2012 kukiwa na sharti la kupima vinasaba vya mzazi na mtoto. Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi kwa ujumla.

Udanganyifu ulikuwepo, bila shaka. Lakini kipimo cha vinasaba hakina namna ya kumtofautisha mtoto aliyeingizwa katika fomu kwa malipo na yatima aliyelelewa nyumbani tangu uchanga.

Vyeti na viapo

Katika maombi ya kawaida ya viza, vyeti hutangulia. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa miaka 30 baada ya mtu kuzaliwa, jambo la kawaida katika kanda hii, hutiliwa shaka. Husaidiwa na karatasi za zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kumbukumbu za shule. Zikikosekana, viapo vya watu wawili waliolishuhudia tukio lenyewe hukubaliwa. Karatasi ya wakati ule ina nguvu kuliko kiapo cha leo.

Baba ambaye hakumwoa mama wa mtoto huweza kutakiwa kuonyesha kwamba alikuwa baba kwa vitendo kabla mtoto hajatimiza miaka 21. Risiti za fedha alizotuma, ambazo wengi huzitupa, hapo huwa na thamani.

Ndoa iliyofungwa kwa uwakilishi, bwana harusi akiwa kwenye simu Minneapolis na bibi harusi akiwa Mombasa, haitambuliwi mpaka wawili hao wakutane kimwili kama mume na mke baada ya kufungwa kwake. Katika ndoa za mitala, mke wa kwanza pekee ndiye anayetambuliwa. Mtoto wa kulea naye anahitaji amri rasmi ya kuasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, kwa kawaida pamoja na miaka miwili ya kuishi chini ya malezi ya aliyemwasili. Malezi ya kifamilia pekee hayatoshi.

Vinasaba hufuata pale karatasi zinaposhindwa kuondoa shaka. Gharama ni za familia. Maabara lazima iwe na ithibati ya taasisi ya AABB, sampuli za aliyeko nje huchukuliwa kwa utaratibu wa ubalozi, na majibu hupelekwa huko moja kwa moja. Kiwango kinachotakiwa kwa mzazi na mtoto ni uhakika wa asilimia 99.5.

Majibu hayo yamewahi kufichua yale ambayo hata baba hakuyajua. Mtoto asiye wa damu yake bado anaweza kudhaminiwa kama mtoto wa kambo, iwapo alimwoa mama yake kabla mtoto hajatimiza miaka 18.