Kutoka msalaba wa shaba hadi namba ya siri



Juma lililopita mama mmoja wa Kasungami aliniletea simu yake. Alikuwa ameona mashine ya kushona kwenye WhatsApp, picha nzuri, bei nzuri. Muuzaji akamwambia: tuma pesa kwanza, mashine inafika kesho. Akatuma. Kesho hiyo haijafika, na namba ya muuzaji haiiti tena. Mashine ile ndiyo ingekuwa kazi yake hapa mjini. Akaniuliza: wazee wa zamani walilipana namna gani bila kuibiana?

Wazee wa Katanga walilipana kwa misalaba ya shaba. Katika makaburi ya Sanga, kule Upemba, wataalamu waliikuta imezikwa pamoja na wafu. Ya zamani zaidi ni mikubwa. Karne zilipopita ikawa midogo na yenye kufanana, rahisi kuhesabu na kubeba. Kumbe hata wao walitafuta urahisi. Ila shaba ilikuwa na thamani yake yenyewe, na biashara ilikuwa ya mkono kwa mkono: naiona chumvi yako, unaiona shaba yangu. Msalaba huo uliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960, na kwenye sarafu zake za 1961.

Karatasi ni nyepesi kuliko shaba, lakini nguvu yake inatoka kwa mwingine. Mwaka 1967 zilikuja zaire na makuta (zaire imekufa, ila neno makuta tunalo bado mdomoni). Siku ya Noeli 1979 Mobutu akafuta noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa mbali na benki, mwenye akiba ndani ya godoro, alibaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea na noti zao za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kupita asilimia 9,000. Watu walikwenda sokoni na mafurushi ya noti, wakipokea bunda bila kulihesabu hadi mwisho. Falanga ya sasa ilikuja 1998.

Mnamo 2012 M-Pesa ilifika Kongo, miaka mitano baada ya kuanza Kenya, na mitandao mingine ikawa na huduma kama hiyo. Kwa familia iliyokimbia usiku ni msaada mkubwa: ndugu aliye Kolwezi anatuma, wewe unapokea Kasapa, hakuna wa kukupora njiani. Mwezi wa kwanza 2025, benki za Goma zilipofunga milango, simu ndiyo iliyobaki.

Lakini simu imetenganisha ile mikono miwili. Pesa inakwenda kwa dakika moja, kitu kinabaki kwenye picha. Hakuna mtu wa katikati anayeishika mpaka mzigo ufike. Na wengi wenu mnatumia laini iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Siku ya kulalamika, kampuni itamsikiliza mwenye jina. Sheria ya dijitali ya 2023 inagusa biashara ya mtandaoni, lakini sheria haimfuati muuzaji aliyetupa laini yake.

Nimewaona wafanyabiashara wa hapa wanaokubali kulipwa mlangoni. Inachelewesha, na pengine mteja analipa usafiri mbele. Mimi naona afadhali kuchelewa huko: ndiyo shaba na chumvi zimekutana tena.

Yule mama amepata mashine nyingine, ya mtumba. Safari hii kijana wa pikipiki alisubiri uani, mama akashona kipande cha kitambaa mpaka mwisho, akakigeuza, akakivuta. Halafu akampa kijana mgongo, akaandika namba yake ya siri.