Waliokesha Wakishika Nyota

Mwezi wa saba, mvua zikiisha kukoma hapa Kivu, tokeni nje saa mbili za usiku mtazame mbinguni. Upande wa kusini-magharibi mtauona Msalaba wa Kusini. Na kaskazini, chini kidogo, zipo nyota saba za Dubu Mkubwa. Watu wa Ulaya hawauoni Msalaba huo, wala watu wa Rasi ya Tumaini Jema hawamwoni Dubu mzima. Sisi wa Bukavu, tulio digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, twaviona vyote viwili.

Lakini kuzipiga picha nyota hizo ni kazi nyingine. Dunia huzunguka bila kungoja mtu. Kwa dakika mbili mbingu imekwisha sogea upana wa mwezi mpevu. Darubini ikikaa kimya, kila nyota hugeuka mstari. Kwa hiyo huwekwa juu ya mhimili unaofuata mzunguko huo, ukiendeshwa na mashine ya saa. Nyota ya kwanza kupigwa picha, baada ya Jua, ilikuwa Vega, huko Harvard mwaka 1850. Tatizo ni kwamba hakuna gurudumu ambalo meno yake ni sawasawa kabisa. Kosa dogo lisiloonekana kwa macho laharibu picha ya saa nzima.

Basi, dawa ya kwanza ilikuwa jicho la mtu. Mwaka 1882 nyota kubwa yenye mkia ilitokea, na David Gill, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota huko Rasi, alimwita Allis, mpiga picha wa jirani. Wakaifunga kamera juu ya darubini. Mtu akachungulia katika darubini na kuishika nyota ile mahali pamoja, huku kamera ikipokea nuru. Picha zilipotoka, nyuma ya mkia zilionekana nyota nyingi mno. Gill akatambua kwamba mbingu nzima yaweza kuandikwa kwa picha.

Mwaka 1887 wataalamu walikutana Paris wakagawana mbingu, kila nyumba na sehemu yake. Vatikano nayo ilipata sehemu. Baba Mtakatifu Leo XIII aliianzisha upya nyumba yake ya nyota mwaka 1891, chini ya Padre Francesco Denza, Mbarnabiti. Darubini za kazi hiyo zilikuwa mbili pamoja, moja ya picha na moja ya jicho. Mtazamaji aliiweka nyota moja katikati ya nyuzi mbili zilizopitana msalaba, akairudisha kwa mkono kila ilipotoroka. Halafu vioo vya picha vilipimwa. Kuanzia 1910 hadi 1921 masista wanne wa Vatikano walipima nyota zaidi ya 481,000, moja moja. Majina yao, Emilia Ponzoni, Regina Colombo, Concetta Finardi na Luigia Panceri, yalikaa miaka mingi bila kutajwa. Si haki, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Huko Kalifornia, Milton Humason, aliyeanza kama mchunga nyumbu wa mlima Wilson, alikaa penye baridi usiku baada ya usiku. Kwa kundi moja la nyota la mbali alihitaji kioo kimoja kipokee nuru saa zaidi ya 30. Hasara ya kusinzia hapo mwaielewa.

Jicho lilipata mbadala mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith walipobuni kipande cha silikoni kinachogeuza nuru kuwa umeme. Mwisho wa miaka ya 1980 vyombo vidogo vya kuongoza darubini vilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Siku hizi darubini ndogo ya kutafutia, kamera ndogo na programu ya bure iitwayo PHD zatosha. Kamera hupiga picha kila sekunde moja au mbili. Programu hupima katikati ya nyota, na ikiona imehama, huamuru mota irudishe. Kwanza lakini huijaribu mota pande zote, ijue amri ipi husogeza nyota wapi.

Hapa kwetu kuna taabu mbili. Umeme hukatika, ila betri ya gari yatosha usiku mzima kwa vyombo vidogo. Taabu ya pili ni mhimili: lazima uelekee ncha ya mbingu, nayo kwetu iko karibu na ardhi, nyuma ya vilima. Stendi nyingi haziinami kiasi hicho. Fundi seremala hutengeneza kabari ya kuilaza. Kisha huchaguliwa nyota iliyo juu kabisa ya kichwa, huachwa dakika chache, na ikihama kwenda kaskazini au kusini, stendi hugeuzwa kidogo kushoto au kulia. Halafu nyota nyingine, karibu na upeo wa mashariki, ili kuinua au kushusha. Kazi hiyo yaweza kumaliza saa nzima kabla ya picha ya kwanza, na mwezi wa nane moshi wa mashamba huzifunika nyota za upeoni, ukaanza tena kesho yake.