Ulinzi wa karavani

Ulinzi wa karavani ni hatua za kuzuia wizi na uvunjaji wa karavani (nyumba ndogo yenye magurudumu inayovutwa na gari) wakati imeegeshwa bila kutumika.

Nchini Uingereza karavani nyingi huegeshwa majira yote ya baridi. Serikali haizisajili kama magari: barabarani karavani hubeba namba ya gari linaloivuta. Hivyo mwizi akiifunga nyuma ya gari lake na kubandika namba yake, ni vigumu kumshuku.

Ili kuziba pengo hilo, daftari la CRiS lilianzishwa mwaka 1992. Karavani iliyoandikishwa humo ina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, inayochorwa kwenye chasisi na vioo vya madirisha. Kabla ya kununua karavani iliyotumika, mtu anaweza kuulizia kama imeripotiwa kuibwa.

Vizuizi vya kawaida ni kufuli la kiungo cha kuvutia, kufuli la gurudumu, king'ora na kifaa cha kufuatilia mahali ilipo. Dhidi ya uvunjaji, wenyewe huondoa vitu vya thamani na kuacha mapazia wazi. Kampuni za bima huweza kukataa fidia ikiwa makufuli yaliyotajwa kwenye mkataba hayakutumika.