Vidonge vimeisha, ganzi imebaki

Mei 2024, mtafiti Antonei Csoka wa Chuo Kikuu cha Howard aliishtaki Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA. Tangu 2018, yeye na wenzake walikuwa wameiomba iweke onyo lililo wazi kuhusu dawa za sonona: kwamba wapo watumiaji wanaopoteza hamu na hisia za tendo la ndoa, na hali hiyo hubaki hata baada ya kuacha vidonge. Miaka sita ilipita bila kujibiwa ndiyo wala hapana.

Prozac, mojawapo ya dawa hizo, iliidhinishwa Marekani Desemba 1987, kisha zikafuata Zoloft, Paxil na nyingine za jamii hiyo. Zimewaokoa wengi, na anayezitumia asiziache ghafla bila daktari wake. Lakini tangu mwanzo kulikuwa na jambo ambalo wagonjwa waliona haya kulisema na madaktari hawakulichokonoa.

Aliyelichokonoa ni Ángel Luis Montejo wa Salamanca, Hispania. Mwaka 1997, yeye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 344 waliokuwa wakitumia dawa hizo. Waliojieleza wenyewe kuwa mambo ya chumbani yameharibika walikuwa asilimia 14. Daktari alipowauliza ana kwa ana, wakafika 58. Dawa zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa kuulizwa tu. Nikiwazia wale walioondoka kliniki wamenyamaza, kisha ndoa zao zikayumba bila mwenza kujua chanzo, naona uzembe usio na kisingizio.

Hata hivyo, iliaminika kwamba ukiacha dawa kila kitu kitarudi. Mwaka 2006 Csoka na daktari Stuart Shipko waliandika kuhusu watu ambao hakikurudi. Wagonjwa wa namna hiyo hueleza ganzi sehemu za siri, ngozi isiyo na hisia zaidi ya ile ya kiwiko, na kufika kileleni bila raha yoyote. Wengi waliambiwa ni sonona yao hiyohiyo. David Healy, daktari wa akili kutoka Ireland, anaipinga kauli hiyo: ganzi, anasema, huweza kuanza ndani ya nusu saa ya kidonge cha kwanza, na sonona haitii ganzi. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha visa 300 vya hali hiyo, vikiwamo vya waliotumia dawa za upara na chunusi.

Mwaka 2011 maelezo ya Prozac Marekani yaliongezewa sentensi kuhusu dalili zinazoendelea. Ulaya iliagiza onyo kwa kundi zima la dawa hizo mwaka 2019, Kanada ikafuata.

Tiba ndiyo kilio. Viagra husaidia damu ifike, hairudishi hisia. Wengine hupewa bupropion, wengine buspirone, bila uhakika. Marcel Waldinger wa Uholanzi, ambaye mwaka 1994 alionyesha kuwa paroxetine, yaani Paxil, huwachelewesha wanaume wanaomwaga mapema, miaka 21 baadaye aliripoti mgonjwa mmoja aliyerudishiwa sehemu ya hisia kwa mwanga wa leza. Mtu mmoja! Kundi la Healy lilitangaza mwaka 2017 zawadi ya dola 100,000 kwa atakayepata tiba, na fedha hizo zilichangishwa kwa watu wa kawaida, si kwa kampuni zilizouza vidonge.