Nani Atafungua Bendeji?

Bibi yangu mzaa mama alipasuliwa macho mwaka 1985, huko Muheza, na madaktari waliokuja kwa wiki moja kisha wakaondoka. Walimtoa mtoto wa jicho, wakampa miwani yenye vioo vinene kama kitako cha chupa, na kwa mwaka na kitu hivi akaona. Alikwenda shamba peke yake. Jioni alihesabu kuku wake mwenyewe, na akipungua mmoja hata majirani walijua. Halafu mjukuu wake wa miaka sita akaikalia ile miwani. Mjukuu huyo ni mimi. Miwani nyingine ya namna ile hatukuipata, na waliompasua hawakurudi tena. Bibi akaingia gizani mara ya pili, akakaa humo mpaka alipofariki 1991. Hakuna aliyenichapa. Ingekuwa nafuu wangenichapa.

Basi mama alipoambiwa kuwa naye ana mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, jibu lake lilikuwa fupi: "Mie siendi, mwanangu. Bibi yako alipasuliwa, na mwisho wake si tuliuona?"

Nikakosa la kumjibu. Badala ya kubishana na mtu aliyenizaa, nikaanza kusoma historia ya upasuaji huu. Nilitaka kumpata yule aliyegundua tiba. Nilichokipata kila nilipogeuka ni swali lile lile la mama: baada ya daktari kuondoka, mgonjwa alionaje?

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi, ambayo kwa kawaida huwa angavu. Uzee ukifika huanza kuingia ukungu, mpaka mwanga unapita kwa shida. Kwa karne nyingi sana hakuna aliyeitoa. Walichofanya, na maandishi ya kale ya Sushruta wa India yanaeleza, ni kuchoma jicho kwa chombo chenye ncha na kuisukuma ile lenzi nje ya njia ya mwanga, izame ndani ya jicho. Kwa wengi waliofanikiwa, mwanga ulirudi pale pale. Mgonjwa anaonyeshwa vidole, anavihesabu, watu wanashangilia, mganga anapokea ujira wake na kushika njia. Wiki zinazofuata jicho linavimba, au presha ya ndani inapanda, au lile pazia la nyuma linalopokea picha linabanduka. Wakati huo mganga yuko kijiji cha nne. Na tusidhani ni mambo ya kale tu. Sehemu za Afrika Magharibi wapo wanaotembea na sindano hizo mpaka leo.

Waarabu waliuita ugonjwa huu "maji", wakidhani ni maji yaliyoshuka ndani ya jicho. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri yapata mwaka 1000, alieleza namna ya kuufyonza kwa sindano yenye tundu. Karne hiyo hiyo Constantinus, mtu wa Afrika Kaskazini aliyefasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini, aliyafanya yale maji kuwa maporomoko, na Wazungu wamebaki na jina hilo. Sisi tukasema mtoto. Sijui nani alianza, ila kwa mama yangu neno hilo lina uzito wake: mtoto, akitolewa, anaweza kurudi. Tutamkuta mbele.

Sasa mtazame John Taylor, Mwingereza wa karne ya 18. Huyu alizunguka Ulaya kwa gari la farasi lililochorwa macho kila upande, akihutubia watu kwanza ndipo apasue. Alipomaliza aliwafunga wagonjwa bendeji na kuwaagiza wasifungue kwa siku kadhaa. Unajua kwa nini. Mwaka 1750 alifika Leipzig akampasua mwanamuziki Johann Sebastian Bach, si mara moja bali mara mbili. Bach hakupona. Alifariki tarehe 28 Julai mwaka ule ule, akiwa na miaka 65. Taylor alipoandika habari za maisha yake mwaka 1761, alimtaja mwanamuziki mashuhuri wa Leipzig, mzee wa miaka 88, eti alimrudishia macho yake! Umri wenyewe kakosea. Mwanamuziki Handel naye alipita mikononi mwake, na hakuona tena.

Siku hizo hizo alikuwapo Mfaransa Jacques Daviel. Tangu 1747 alianza kulikata jicho kwa mbele na kuitoa lenzi nje kabisa. Vitabu humsifu kwa ujasiri huo, na anastahili. Mimi ninampendea jambo jingine: alihesabu. Kufikia 1756 alikuwa ametaja macho 434, na ndani yake aliandika kuwa 50 yalishindikana. Zile 50 zingemtia Taylor kicheko. Lakini huwezi kuandika 50 usipokuwapo siku bendeji inafunguliwa.

Daviel alitoa lenzi bila kuweka kitu mahali pake, na jicho lisilo na lenzi halioni sawasawa mpaka lisaidiwe kwa vioo vinene. Hiyo ndiyo ilikuwa miwani ya bibi.

Aliyepata la kuweka ni Harold Ridley wa London. Wakati wa vita aliwahi kuwa Gold Coast, Ghana ya leo, akichunguza upofu unaoletwa na wadudu wa mtoni. Kabla ya hapo, mwaka 1940, ndege ya rubani Gordon Cleaver ilipigwa risasi, na kifuniko chake cha plastiki kikapasuka, vipande vikamwingia machoni. Ridley aliona kuwa jicho halikuikataa plastiki ile. Inasimuliwa pia kuwa mwanafunzi mmoja, akitazama lenzi ikitolewa, alimwuliza kwa nini haweki nyingine. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alianza kazi hiyo kwa mama mmoja wa miaka 45. Lenzi ilikuwa kali kupita kiasi, mgonjwa akawa haoni mbali. Zilizofuata nyingine zilikuwa nzito zikateleza ndani ya jicho, nyingine zikabidi kutolewa. Wakubwa wa fani walimshambulia kwa miaka. Lenzi zilirekebishwa, tena na tena, na Ridley mwenyewe uzeeni aliwekewa ya kwake.

Hapa nilifunga kompyuta. Kutoka 1949 hadi 1985 ni miaka 36. Dawa ya bibi ilikuwapo duniani kabla mama yangu hajaolewa. Nilikuwa nimejilaumu kwa kuikalia miwani ambayo hakupaswa kuihitaji. Lenzi zilikuwa ghali mno kwa watu wa Muheza. Zilianza kushuka bei baada ya viwanda kama Aurolab ya Madurai, India, kuanza kuzitengeneza mwaka 1992, na kingine kikafunguliwa Asmara. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Mwaka 2021 mataifa yalikubaliana katika Shirika la Afya Duniani kuwa upasuaji huu uhesabiwe kwa wanaoona vizuri baadaye, wala si kwa waliopasuliwa tu. Nilimsomea mama. Akasema: "Haya. Nani atafungua bendeji?"

Kwa daktari tulikwenda na swali hilo. Hakukasirika. Akasema yeye mwenyewe, kesho yake, kisha wiki, kisha mwezi; akataja na mabaya yanayoweza kutokea, usaha ndani ya jicho likiwamo. Mama alimsikiliza, akageuka kwangu: "Huyu anasema kweli."

Jicho la kwanza likaona. Baada ya mwaka ukungu ukarudi, naye akanipigia simu saa kumi na moja alfajiri: "Si nilikwambia? Mtoto karudi." Hakuwa amerudi. Lenzi mpya hukaa ndani ya kifuko cha ile ya zamani, na ngozi ya nyuma ya kifuko huweza kuingia ukungu. Ni jambo la kawaida. Walimpiga mwanga wa leza, dakika chache, hakuna kukatwa.

Jioni ile alikaa barazani na ungo, akachambua mchele kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniita.

"Hebu ona. Mawe yote haya. Yule Mpemba wa dukani ananijua sioni, miaka yote ananiuzia huu."

Asubuhi alikwenda dukani peke yake.