Wanafunzi wa uhandisi na kero ya floraidi Nakuru

MENO yenye madoa ya kahawia ni jambo la kawaida miongoni mwa wakazi wengi wa Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa. Wapo wanaodhani kuwa wenye meno hayo hawapigi mswaki, lakini chanzo chake ni floraidi, madini yaliyomo kwa wingi katika maji ya chini ya ardhi. Tatizo hili linadhihirisha pia yale ambayo mwanafunzi wa uhandisi anayejitolea vijijini anaweza kutimiza, na yale yanayomshinda.

Floraidi hiyo hutoka katika miamba ya volkeno. Maji yapenyapo ardhini huyayeyusha madini hayo, na kwa kuwa maji ya bonde hilo kwa kawaida yana kalsiamu kidogo, ambayo ingeyashika, floraidi hubaki majini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali visima vingi vya bonde hilo hupita kiwango hicho, baadhi mara kadhaa. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka minane, ambao meno yao ya utu uzima yangali yakiundwa ndani ya ufizi. Anayekunywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kuumia mifupa na viungo. Kuchemsha hakusaidii: maji yapunguapo sufuriani, floraidi huzidi kukolea.

Fikira ya kuwapeleka wanafunzi wahandisi kwa jamii zenye shida kama hizi si ngeni. Nchini Ufaransa, wanafunzi walianzisha Ingénieurs sans frontières, yaani Wahandisi Wasio na Mipaka, mwaka wa 1982. Mashirika yenye jina kama hilo yalifuata Kanada (2000), Uingereza (2001) na Marekani (2002). Lile la Marekani lilitokana na kazi ya Profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, ambaye mwaka wa 2001 aliwapeleka wanafunzi katika kijiji cha San Pablo, Belize, kujenga mfumo wa maji.

Mjini Nakuru, njia iliyopata umaarufu ni makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mpango wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru ulianza kushughulikia uondoaji wa floraidi mwaka wa 1998, na baadaye ukashirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa na kuoshwa, kisha hujazwa katika ndoo za nyumbani au matangi ya shule. Maji yapitapo humo, floraidi hunaswa na fosfeti ya kalsiamu iliyomo mfupani. Moto ukiwa mdogo, maji hunuka; ukizidi, makaa hupoteza uwezo wa kunasa.

Hapo ndipo elimu ya darasani inapohitajika. Mwanafunzi anaweza kupima floraidi ya kila kisima, kukadiria ukubwa wa tangi na kukokotoa muda ambao makaa yatadumu. Wale wa vyuo vya karibu, kama Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, wana faida zaidi: wanaijua lugha ya wenyeji, na wanaweza kurudi kijijini kwa nauli ya matatu.

Hata hivyo, kichujio hiki kina hila. Pampu ikiharibika, kijiji kizima hujua siku hiyo hiyo. Makaa yakichoka, maji huendelea kutiririka yakiwa maangavu na matamu kama jana, na mtoto huendelea kunywa floraidi huku mamake akiamini amemkinga. Mafunzo ya nyanjani huchukua wiki kadhaa. Makaa huweza kuchoka miezi mingi baadaye, mwanafunzi akiwa amekwisha kurudi chuoni.

Kwa hiyo yapo maswali matatu yanayopaswa kujibiwa kabla ya tangi kujengwa: nani atapima maji wanafunzi wakiondoka, makaa mapya yatapatikana wapi, na yatalipiwa kwa fedha zipi. Kamati ya maji yenye daftari la vipimo na akiba ya makaa inaweza kuudumisha mradi. Pasipo kamati ya namna hiyo, kuvuna maji ya mvua, ambayo huwa na floraidi kidogo sana, ni msaada bora kuliko kichujio kisicho na mwenyewe.